Jiwe la Leo

Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Hakukuwa na upepo, lakini baridi ilipita chini ya mlango na kujikalia chumbani kama mgeni asiyejua kuaga.

Chiriku alikuwa macho kitambo, ila alikuwa hajathubutu kujigeuza. Kwanza alijaribu vidole vya mikono. Kisha vifundo, kisha viwiko, kisha magoti na kiuno. Alivipitia viungo vyake kimoja kimoja, kama mwalimu anavyoita majina ya wanafunzi asubuhi, na kila kiungo kiliitika kwa maumivu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa mtoro.

Ugonjwa wake uliitwa baridi yabisi. Watu wengi waliudhania kuwa wa wazee tu, kwa hiyo walipomwona msichana wa miaka kumi na mitatu akitembea kwa kujishika ukutani, walifikiri anafanya mchezo. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba dawa zitapunguza makali, lakini ugonjwa wenyewe hautaondoka upesi. Huenda ukaishi naye miaka mingi.

Jina la Chiriku alipewa na marehemu baba yake kwa sababu ya mdomo wake. Zamani alikuwa haachi kusema tangu jogoo la kwanza. Siku hizi alisema machache.

"Umeamkaje, mwanangu?" mama yake aliuliza, akiingia na chai.

"Salama, mama."

"Viungo je?"

"Salama tu."

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na kumsogezea kikombe mdomoni. Chiriku alipotaka kukipokea, mama alikirudisha nyuma. "Acha, nakushikia. Kizito hiki. Utakuja kujiumiza bure."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na cherehani yake iliunguruma kutwa nzima. Tangu Chiriku alipoteleza kwenye ngazi za shule muhula uliopita, mama alikuwa amekata shauri: darasa la saba liko ghorofani, ngazi ni adui, basi mtoto atakaa nyumbani. Mwalimu mkuu alituma vitabu. Chiriku alivisoma kitandani, chini ya dirisha la nondo, akiwatazama wenzake wakipita barabarani ndani ya sare zilizoshonwa na mama yake mwenyewe.

Asubuhi hiyo nao walipita. Mmoja akasimama, akainama hadi dirishani kwa madaha.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu," Chiriku akajibu. "Soma kwa bidii, uje uninunulie mkongojo."

"Bibi hajambo leo! Meno yapo yote?"

"Yapo, na ukisogea karibu nitakuonyesha yanavyouma."

Walicheka, naye akacheka nao. Lakini walipoondoka, kicheko kiliondoka nao pia. Zikabaki kuta nne, dari yenye doa la mvua, na mngurumo wa cherehani. Chiriku alihisi kwamba amefungwa mara mbili: mara moja ndani ya chumba, na mara nyingine ndani ya mwili wake. Alifumba macho akaomba, kama alivyoomba kila siku, "Ee Mungu, niondolee maumivu haya." Alipofumbua macho, maumivu yalikuwa palepale.

*

Juma hilohilo walikwenda kituo cha afya. Daktari alimkunja Chiriku mikono na miguu taratibu, kisha akamgeukia mama.

"Huyu mtoto siku hizi anafanya nini?"

"Anapumzika, daktari."

"Anapumzika tangu lini?"

"Tangu alipoteleza shuleni, muhula uliopita."

"Sikiliza, mama yangu," daktari alisema kwa upole. "Kupumzika ni dawa, lakini dawa yoyote ikizidi inakuwa sumu. Misuli ndiyo inayokibeba kiungo. Misuli ikilala, mzigo wote unakiangukia kiungo kilicho kigonjwa, na maumivu yanaongezeka. Nataka mtoto aanze mazoezi ya kuinua uzito. Hapahapa kituoni, chini ya mtaalamu, kidogo kidogo."

"Uzito!" Mama alishika kifua. "Daktari, mtoto huyu hata kikombe cha chai hawezi kukishika!"

"Hawezi, au hajaachiwa akishike?"

Mama aliona haya, akakubali. Lakini njiani alisimama katikati ya barabara akamwambia Chiriku, "Mazoezi nimekubali kwa sababu ya daktari. Shule ni jambo jingine. Siku nitakapokuona kwa macho yangu unainua ile ndoo yetu ndogo imejaa maji, kutoka chini mpaka juu ya stuli, siku hiyo nitaamini kwamba ngazi unaziweza. Kabla ya hapo usinitajie shule."

Chiriku alianza kutembea tena. Moyoni alikuwa tayari ameanza kuinyanyua ile ndoo.

*

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya kituo, mahali palipokuwa zamani stoo ya vitanda vibovu. Vyuma vya dukani havikuwepo. Kulikuwa na mabomba ya chuma yaliyochomekwa makopo ya rangi kila upande, na makopo hayo yalijazwa saruji iliyokauka. Mengine yalikuwa madogo kama ya maziwa, mengine makubwa ya kutisha. Ukutani kulikuwa na vijiti vya ufagio, yaani mipini mitupu iliyoondolewa mafagio.

Msimamizi alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye mvi kidogo kando ya masikio. Wote walimwita Kocha. Ujanani alikuwa mwinua vyuma wa mashindano, mpaka alipoumia mgongo, na mgongo huo haukupona kabisa. Alisomea tiba ya viungo, akarudi kwenye vyuma kwa njia nyingine. Alipotembea aliegemea upande mmoja kidogo, kama anayesikiliza kitu.

"Habari yako, mwanangu?" Kocha alimsalimu mlangoni.

"Nzuri, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo 'nzuri' iache hapo nje pamoja na viatu. Humu hatuitumii." Alimwonyesha beseni lililojaa mawe. Yalikuwapo madogo kama maharagwe, ya kati kama mayai, na makubwa ya kujaza kiganja. "Kila anayeingia anachagua jiwe linalolingana na maumivu yake ya leo. Siyo ya jana, siyo ya kesho. Analiweka hapo kwenye benchi, mimi nikiliona najua nimpe uzito gani."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni alicheka. Alikuwa mwashi mstaafu, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kazi. "Mjukuu wangu, usimdanganye huyo mama. Mimi juzi nilichukua jiwe kubwa, akanipa kijiti cha ufagio ninyanyue. Mwashi mzima, niliyejenga nusu ya mji huu, nanyanyua ufagio! Na saruji ya makopo haya niliikoroga mimi mwenyewe!"

"Na ulinyanyua vizuri, mzee," Kocha akasema.

"Nilinyanyua vizuri sana. Lakini usimwambie mke wangu."

Chiriku alinyoosha mkono kwenye beseni na kuchukua jiwe dogo. Hakufikiri. Alikuwa amelelewa hivyo: mtoto mwenye adabu halalamiki mbele ya watu wazima. Ukiulizwa, unasema mzima.

Kocha alivitazama vidole vyake vilivyovimba. "Una hakika na hilo, mwanangu?"

Chiriku alitaka kusema ndiyo. Lakini mkono ulikuwa tayari umerudi kwenye beseni. Alilirudisha jiwe dogo, akachukua kubwa kwa mikono miwili, akaliweka kwenye benchi, na machozi yakamtoka. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mzee Mwashi alisogea tu kumpisha nafasi.

Siku hiyo aliinua kijiti cha ufagio.

"Miguu iachane sawa na mabega," Kocha alimwelekeza. "Kifua mbele. Goti likunje kama unayetaka kukaa kwenye stuli fupi. Mgongo usipinde kama ndizi. Sasa isukume sakafu kwa miguu, wala usikivute kijiti. Kijiti kitakufuata chenyewe. Toa pumzi."

Chiriku aliisukuma sakafu. Kijiti kilimfuata. Kilikuwa kijiti tu, lakini aliposimama wima ameshika kitu alichokiinua mwenyewe, bila mtu kumshikia, alijisikia mrefu.

Wiki zikapita. Kutoka kijiti alifika kwenye bomba tupu, kutoka bomba tupu akafika kwenye makopo madogo. Siku za jiwe kubwa alirudi kwenye kijiti, siku za jiwe dogo aliongezewa kidogo. Maumivu hayakwisha. Ila yalibadilika. Zamani yalikuwa yanakaa kichwani mwake siku nzima kama mwenye nyumba. Sasa, wakati wa kuinua, kichwa kilijaa mambo mengine: miguu, pumzi, kifua, sakafu. Kwa kitambo hicho kifupi maumivu yalikuwa mpangaji tu. Usiku alianza kulala. Mdomo nao ukaanza kurudi. Alimtania Mzee Mwashi mpaka mzee akaomba ahamishiwe benchi lingine.

Lakini nyumbani hakuna kilichobadilika. Mama aliendelea kumshikia kikombe. Aliendelea kumfunga kamba za viatu. Chiriku akisimama haraka, cherehani ilinyamaza na sauti ikatoka chumba cha mbele: "Unakwenda wapi? Kaa, nakuletea."

*

Likizo ilikuwa inaisha, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Chiriku alimsihi mama aje aone. Mama alikuwa na sare nyingi za kumaliza, akasema, "Nitakuja Ijumaa. Ijumaa hiyohiyo. Usipoweza, usinisumbue tena na habari za shule mwaka huu. Nina roho moja tu, siwezi kuwa naiweka juu kila siku."

Kilichomtia Chiriku hofu kilikuwa hali ya hewa. Alhamisi jioni mawingu yalijaa, na Ijumaa ikaamka na mvua ya rasharasha na baridi kali. Viungo vyake viliitika vyote, kwa sauti. Vidole havikufunga ngumi. Alivaa sweta kubwa ya marehemu baba yake, akaivuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole.

Mlangoni mwa chumba cha mazoezi alisimama mbele ya beseni. Jiwe la haki lilikuwa kubwa; alilijua kabla hajaliona. Lakini jiwe kubwa lilimaanisha kijiti cha ufagio. Kijiti kilimaanisha hakuna ndoo. Na bila ndoo angerudi kwenye dirisha la nondo mwaka mzima. Nyuma yake mama alikuwa ameshaingia, amebeba ndoo, anakung'uta mwavuli.

Chiriku akachukua jiwe dogo.

Kocha alilitazama jiwe, akamtazama yeye. "Leo ni baridi, mwanangu. Una hakika?"

"Nina hakika, Kocha. Leo mzima kabisa."

"Haya. Lakini tuanze na bomba tupu kwanza."

Bomba tupu aliliinua kwa kuuma meno. Mama alikaa kwenye benchi karibu na Mzee Mwashi, amefumbata mikono kama aliye kanisani. Kisha ndoo ikawekwa sakafuni kando ya stuli, imejaa maji hadi shingoni. Chiriku aliinama, akashika mshikio. Miguu sawa na mabega. Kifua mbele. Isukume sakafu.

Ndoo iliondoka chini. Ilifika magotini, ikafika kiunoni. Stuli ilikuwa karibu kabisa. Hapo vidole vyake, vilivyojificha ndani ya sweta, vilikataa. Mshikio uliteleza. Chiriku alijipinda kuiokoa ndoo, na mgongo wake ukajifunga kama mlango uliobamizwa. Ndoo ilimpiga gotini, maji yakatapakaa, naye akaanguka katikati yake.

"Mwanangu!" Mama alikuwa amemfikia kabla maji hayajatulia. Alimkumbatia palepale kwenye sakafu yenye maji, akamgeukia Kocha kwa macho makali. "Nilijua! Nilijua tangu siku ya kwanza! Basi! Vyuma vimekwisha leo! Asiniambie mtu tena habari ya vyuma!"

*

Mgongo wa Chiriku haukuvunjika, daktari alisema; misuli ilishtuka tu, na goti litapoa. Lakini mama hakutaka kusikia zaidi. Sasa alipotoka kununua vitambaa, alifunga mlango wa mbele kwa kufuli.

"Ni kwa usalama wako," alisema. Chiriku alisikia ufunguo ukizunguka, kisha nyayo za mama zikififia. Alibaki amelala chali. Hata kujigeuza kulihitaji ujasiri. Shule zilifunguliwa. Wenzake walipita dirishani, na yule wa shikamoo alisimama, akamwona jinsi alivyolala, akaona haya. "Ugua pole," alisema, akaenda. Chiriku angependelea kuitwa bibi.

Siku moja mchana kulibishwa hodi. Mama alikuwa cherehanini. Chiriku aliitambua sauti ya Kocha.

"Nimekuja kumjulia hali mtoto."

"Hali yake umeiona siku ile," mama alijibu bila kumkaribisha ndani. "Wewe ndiye uliyemwangusha mwanangu. Nimeshamwambia mkuu wa kituo. Nimemwambia watoto wasiingizwe tena mle ndani, na amesema atalifanyia kazi. Mtoto mgonjwa anapewa ndoo! Wewe ni mzazi kweli?"

Chiriku alitega sikio. Alingoja Kocha aseme, "Mtoto wako alinidanganya." Lilikuwa jambo jepesi hivyo.

Kocha hakulisema. "Nilimwuliza," alijibu taratibu, "na nikaliamini jiwe lake. Kama nilikosea, basi nilikosea. Mwambie namsalimu."

Mlango ukafungwa.

Chiriku alitazama doa la dari. Kule kwenye chumba cha mazoezi kulikuwa na mtoto mwingine aliyekuwa anakuja siku za Jumatano, mdogo kuliko yeye, mwenye miguu iliyopinda, ambaye alikuwa amefika kwenye bomba tupu na kulifurahia kama aliyepewa baiskeli. Sasa huyo naye angefungiwa nje. Na Kocha angelaumiwa. Yote kwa jiwe moja dogo.

Alifumba macho. Mara hii hakuomba aondolewe maumivu. Alisema, "Ee Mungu, nipe mdomo."

Kisha akajigeuza ubavu, akashusha miguu, akasimama. Mgongo ulimkemea. Alishika ukuta, akatembea hatua ndogo ndogo mpaka chumba cha mbele. Mama alimwona, akaruka kutoka kitini.

"Unafanya nini? Rudi kitandani! Ungeniita!"

"Mama, kaa kwanza. Kocha hakukosea. Mimi nilidanganya."

"Ulidanganya nini?"

"Siku ile niliamka viungo vyote vinaniuma. Vidole havikunjiki. Nilipaswa kuchukua jiwe kubwa, nikachukua dogo. Kocha aliniuliza, nikamwambia mzima kabisa. Na mikono niliificha kwenye sweta ya baba."

Mama alikaa polepole. "Kwa nini, mwanangu? Kwa nini unidanganye kuhusu mwili wako mwenyewe?"

Chiriku alikuwa hajapanga la kusema, lakini mdomo aliouomba ulikuja. "Kwa sababu nikisema naumwa, unanifungia, mama. Nikisema mzima, nafunguliwa. Nimejifunza hivyo. Hata asubuhi ukiniuliza nasema salama, kila siku, na si kweli. Si kweli kila siku. Lakini si kweli pia kwamba siwezi kitu. Naumwa na naweza. Vyote viwili. Hapa nyumbani hakuna mahali pa kusema vyote viwili."

Mama aliangalia sare iliyokuwa mapajani mwake. Alikuwa anaikunja na kuikunjua bila kujua. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye bega la kushoto na kulikanda. Chiriku aliuona, alikuwa ameuona ukifanya hivyo miaka mingi.

"Bega linakuuma, mama?"

"Hapana, sa..." Mama alikatiza. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, kisha akafuta macho kwa sare ya mtoto wa watu. "Linaniuma tangu ukiwa tumboni. Baba yako alipougua, alikuwa akiniambia salama, salama, mpaka siku niliyomzika. Nikaapa sitashtukizwa tena. Nikawa nakufungia ili nisishtukizwe." Alilitazama kufuli mlangoni. "Na wewe ukanishtukiza ndani ya kufuli."

*

Kesho yake walikwenda kituoni wote wawili. Mama alianza kwa mkuu wa kituo, akasema mbele yake kwamba malalamiko yake yalimwonea mtu, na anayaondoa. Mkuu alishukuru. Alisema chumba kitabaki wazi, kwa watu wazima na kwa watoto.

Kisha wakaenda nyuma. Mlangoni Chiriku alivua viatu mwenyewe. Mama alikuwa ameshainama kumsaidia. Alijizuia, akajifanya anatazama ukuta. Chiriku alichagua jiwe kubwa, akaliweka kwenye benchi ambapo kila mtu angeliona.

"Kocha, nisamehe," alisema. "Siku ile jiwe langu lilikuwa hili."

Mzee Mwashi alikohoa. Yule mtoto wa Jumatano alisimama na bomba lake tupu mikononi, hajui aliweke wapi.

"Nimekusamehe," Kocha alisema. "Na mimi nina kosa. Niliona mikono imejificha, nisiombe kuiona. Nilitaka ufaulu kama ulivyotaka wewe. Hamu ya kufaulu imetupofusha wote." Alikaa kwenye benchi, kwa uangalifu, kama alivyokaa siku zote. "Sasa nisikilizeni, wewe na mama yako. Mimi mgongo wangu unauma leo. Uliniuma jana, na Mungu akinijalia uhai utaniuma kesho. Nilimwomba aniondolee maumivu, hajaniondolea, na sijui sababu. Lakini amenipa njia ya kuishi nayo, na njia hiyo ina masharti mawili. Sharti la kwanza, usiache kuinua. Mwili unaofichwa unadhoofu, na moyo unadhoofu nao. Sharti la pili, usidanganye kuhusu uzito unaoubeba. Anayesema haumwi wakati anaumwa, anapewa mzigo wa kumvunja. Anayesema hawezi wakati anaweza, au anayesemewa hivyo, anavunjika pia, ila polepole zaidi. Ukweli ndio unaotuambia leo tuinue nini. Hiyo ndiyo tiba yote niliyo nayo. Saruji ni ya huyu mzee."

"Saruji nzuri," Mzee Mwashi akasema. "Nilitia na kokoto kidogo."

Kocha alimpa Chiriku kijiti cha ufagio. Chiriku alikipokea bila aibu. Miguu, kifua, pumzi. Aliisukuma sakafu, na mgongo wake, ukinung'unika, ulimsimamisha wima.

Mama alikuwa amesimama karibu na beseni. Alisita, kisha akachukua jiwe la kati, akaliweka kwenye benchi kando ya lile kubwa. "La bega," alimwambia Kocha, kana kwamba anakiri wizi.

"Karibu," Kocha akajibu. "Vijiti viko vingi."

"Ila kuna neno moja limebaki," Mzee Mwashi aliingilia. "Binti, umeomba radhi, vizuri. Lakini ahadi je? Sisi huku ndani ni mashahidi wazuri, hatuwezi kukimbia."

Watu walicheka. Chiriku alishusha kijiti, akasimama katikati ya chumba. "Naahidi mbele yenu wote," alisema, "mtu akiniuliza ninavyojisikia, nitasema kweli. Hata kama kweli hiyo itanichelewesha. Hata kama itaninyima ninachokitaka."

"Tumesikia," wote walijibu. Kisha, bila mtu kuwaambia, wakageuka kumtazama mama.

Mama alirudi nyuma hatua moja. Hapakuwa na mahali pa kwenda. Mgongo wake ulikuwa umegusa ukuta. Alimtazama binti yake aliyeshika kijiti cha ufagio, akauacha ukuta na kusimama wima.

"Habari ya ndoo nimeifuta," alisema. "Na kufuli nitalitoa leo. Jumatatu, Mungu akitupa uhai, nitakusindikiza shuleni. Utaniambia jiwe la siku hiyo, nami nitaliamini. Nitakufikisha chini ya ngazi, mwanangu, na nitaishia hapo. Mbele ya watu hawa naahidi: ngazi utapanda mwenyewe, polepole unavyotaka, na mimi sitakushika mkono mpaka uniite."